Barazani kwa Shangazi: Sahani imekwama kwa jirani kisa klipu

Wasomaji wangu hamjambo huko mliko, mie mzima, nipo hapahapa Ngamiani, mvua imetupiga juzi na Barabara ya 12 imegeuka bwawa la bata lakini kahawa inanywewa kama kawaida. Maswali mengi mliyotuma safari hii ni ya Israeli na Palestina, na hasa hawa mashekhe na wachungaji na maaskofu wanaoongea kila siku humo kwenye simu zenu. Nimechagua manne. Mwenye swali la mirathi ya shamba la minazi na yule anayeota meno yanang'oka, subirini kidogo.

*

*Shangazi shikamoo. Mie nakaa Makorora nauza vitumbua. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mama mmoja Mkristo, Msambaa wa Lushoto, tuna miaka 19 pamoja, usiku niliposhikwa na uchungu wa mtoto wangu wa tatu ni yeye aliyekimbia kutafuta gari, na kila Krismasi kuku wake anawapeleka kwa mwanangu awachinje ili na sie tule bila wasiwasi. Sasa tuna grupu ya watsap ya mtaa, ni ya misiba na kuulizana maji yametoka au bado, basi kijana mmoja akatupia humo klipu ya mchungaji, nyuma yake bendera ya Israeli imetandazwa ukuta mzima, anasema anayeipinga Israeli amelaaniwa yeye na kizazi chake. Nikapandwa na hasira maana siku hiyohiyo nilikuwa nimeona picha za watoto wa Gaza, nikatafuta klipu ya shekhe mmoja anawajibu watu kama hao nikaitupia na mie. Shangazi sikuisikiliza mpaka mwisho. Kumbe mwishoni anasema Manasara waliotuzunguka ni walewale, tusiwape hata salamu. Mwenzangu akaisikia yote, akatoka kwenye grupu hapohapo. Idi imepita hajaja, sahani yangu kubwa ya pilau iko kwake tangu Shaabani na mie najifanya siikumbuki. Niambie, kati ya shekhe na mchungaji nani kasema kweli? Na mie sasa nifanyeje? — Muuza vitumbua, Makorora*

Marahaba mwanangu. Hiyo sahani ndiyo barua yako, hayo mengine ni bahasha, lakini ngoja nianze na hao wakubwa maana umewatanguliza.

Mie si mwanachuoni, nimesoma madrasa kama watoto wote wa Tanga, baadaye nikasoma magazeti, basi. Ila nina kipimo changu. Nikisikia kiongozi wa dini anazungumzia vita vya kule sitazami kwanza yuko upande gani, natazama anamwambia nani. Kama anawaambia watu wake yale ambayo tayari wanapenda kuyasikia huyo ni mtangazaji wa mpira, koo litamkauka lakini hakuna kilichomgharimu. Akiwaambia watu wake wanachokichukia, au akaiweka roho yake mwenyewe rehani, hapo navuta mkeka nakaa. Klipu zenu nimezitazama zote mbili mpaka mwisho, tofauti na wewe, na hakuna iliyonikalisha.

Wanaonikalisha wapo, tatizo hawarushwi kwenye magrupu. Kulikuwa na rabi mmoja, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, anaitwa Menachem Froman, mlowezi kabisa, anakaa Tekoa ambayo ni makazi ya Wayahudi kule Ukingo wa Magharibi, yaani kwa Mpalestina huyo ni mtu aliyekalia ardhi ya wenyewe. Huyohuyo alikuwa anakwenda kuonana na Shekhe Ahmed Yassin, mwanzilishi wa Hamas, lile kundi la Wapalestina wenye silaha, mtu wa dini kwa mtu wa dini, Wayahudi wenzake wengi wakamwona kachanganyikiwa. Mwaka 2010 msikiti wa Beit Fajjar, kijiji cha karibu na Bethlehem, ukachomwa moto na misahafu ikaungua, na walowezi ndio walionyooshewa kidole. Froman na wenzake wakabeba misahafu mipya wakaipeleka. Hebu vuta picha mwanangu, mzee na ndevu zake nyeupe na kofia yake ya kirabi, anaingia kijiji kinachonuka moshi na misahafu mkononi, hajui atapokelewa kwa salamu au kwa mawe, na nyuma alikotoka nako wapo wanaomwita msaliti. Alifariki 2013. Sijawahi kuona klipu yake kwenye grupu lolote la Tanga.

Kwa upande wetu Waislamu namtaja Shekhe Abdullah Nimr Darwish wa Kafr Qasim, Mpalestina mwenye uraia wa Israeli, ndiye aliyeanzisha Harakati ya Kiislamu kule ndani ya Israeli. Alifungwa jela miaka ya 1980, alipotoka akawa anawaambia vijana wake njia ya silaha kaachana nayo, na mbele ya safari akawa anakaa meza moja na rabi Michael Melchior kutafuta namna ya kuzuia damu. Hiyo haikuwa rahisi kwake, harakati yake mwenyewe ilipasuka vipande viwili mwaka 1996 kwa ugomvi wa kama waingie kwenye uchaguzi wa bunge la Israeli au wasuse. Alikufa 2017 na mpaka leo wapo wanaomsema vibaya pande zote mbili, ambayo kwangu ni dalili njema.

Na wa Kikristo je? Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walipovamia kusini mwa Israeli waliuawa watu kama 1,200 na wakatekwa 251, na tusisahau walikumbwa humo vijana wetu wawili Watanzania waliokwenda kusomea kilimo, wote wawili wamekufa, mwili wa mmoja ulikaa Gaza mpaka Novemba 2025. Siku tisa baada ya shambulio Kadinali Pierbattista Pizzaballa, Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu, yaani mkuu wa Wakatoliki kule, akaulizwa na waandishi kama yuko tayari abadilishwe yeye na watoto waliotekwa, akajibu yuko tayari, kwa chochote. Hakuna aliyemchukua. Halafu Julai 2025 jeshi la Israeli likapiga kanisa Katoliki la Familia Takatifu mjini Gaza watu watatu wakafa, kesho yake kadinali huyohuyo pamoja na Patriaki Theophilos wa Waorthodoksi wa Kigiriki wakaingia Gaza wenyewe kwa miguu yao.

Subiri hapo. Umesikia nilichosema? Kanisa. Gaza. Kabla ya vita kulikuwa na Wakristo kama 1,000 mle, na kanisa lao lingine la Mtakatifu Porphyrius ni la kale sana, nalo lilipigwa Oktoba 2023 na watu waliokuwa wamejificha humo wakauawa. Bethlehem yenyewe, huko alikozaliwa Nabii Issa, wapo Wapalestina Wakristo mpaka leo, wanasali kwa Kiarabu na Mungu wanamwita Allah. Krismasi ya 2023 hawakusherehekea. Mchungaji wao wa Kilutheri, Munther Isaac, alirundika vifusi kanisani na juu yake akalaza mwanasesere wa mtoto Yesu amefunikwa kilemba cha Kipalestina, halafu akahubiri akiwalaumu makanisa ya nchi za Magharibi, yaani Wakristo wenzake, kwa kunyamaza. Sasa huyo mchungaji wa bendera aliyewalaani wote wanaoilalamikia Israeli amemlaani na mchungaji mwenzake bila kujua. Na shekhe wako aliyesema Manasara ni walewale kawatukana na Wakristo wa Gaza waliouawa kanisani mwao.

Huo mstari wa kubariki na kulaani uko Mwanzo 12:3, nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa hapa Chumbageni akanifungulia Biblia, akanionyesha maneno kaambiwa Abrahamu, na akacheka, akasema sasa Shangazi Abrahamu ana watoto wangapi? Ishmaeli ni wa nani? Nikamwambia hilo nalijua tangu chuoni. Na huyo shekhe wa kunyima salamu, mwambieni afungue Suratul Mumtahina aya ya 8, Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Mama wa Lushoto amekutoa nyumbani kwako? Alikutoa ndio, usiku wa manane, akakupeleka ukajifungue.

Kitu kingine kinachonikera ni hii hesabu mpya kwamba Mkristo lazima awe Israeli na Muislamu lazima awe Palestina, kama Simba na Yanga. Sie wakubwa hatukukuta hivyo. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja ubalozi na Israeli, na miaka hiyohiyo PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wakapewa ofisi Dar es Salaam, na aliyekuwa Rais ni nani? Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku asubuhi. Hakuwa amesilimu. Aliangalia watu waliotolewa kwenye ardhi yao akaona ni kama kina Msumbiji na Zimbabwe, basi. Uhusiano ukarudi 1995, na ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa 2018, hayo nayo ni mambo ya serikali, hakuna aliyeulizwa dini yake.

Juzi nilipita kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, nikakuta ugomvi. Kijana wa bodaboda kaagiza bendera ya Palestina ya kufunga nyuma ya pikipiki, fundi kashona vizuri nyeusi, nyeupe, kijani, lakini pembetatu nyekundu kaiweka kulia. Kijana hataki kulipa, fundi anamwambia igeuze upande wa pili ni ileile, na kweli ukiigeuza ni ileile. Nikainama chini ya meza yake kutafuta pini yangu ya mtandio iliyodondoka, naona kitambaa cheupe na cha bluu kimekunjwa. Hicho nacho cha nani? Akasema cha kanisa, keshokutwa wanakuja kuchukua, nyota ile ina kona nyingi inanisumbua. Cherehani moja, uzi wa boksi moja.

Mie sikufichi moyo wangu uko wapi. Kufikia Oktoba 2025 wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu wafu zaidi ya 67,000, na makubaliano ya kusimamisha vita ya mwezi huo hayakusimamisha vifo vyote, kwa hiyo hasira yako naielewa, mie mwenyewe kuna usiku nazima simu nalia. Hasira haikuwa kosa. Kosa ni kutupia kitu ambacho hujakisikia mpaka mwisho kwenye grupu ambalo jirani yako yumo, na hilo si la Netanyahu wala la Hamas, ni lako.

Sasa la kufanya. Usimwandikie mesiji. Usitume mtu. Kesho vitumbua vya kwanza kutoka kwenye chungu, vile vya moto vyenye hiliki, weka kwenye sahani nyingine, vuka, bisha hodi. Usianze na Israeli wala Palestina. Mwambie, dada, ile klipu niliitupa sijaisikiliza, nimekosa. Akinyamaza nyamaza naye. Akikwambia na yeye alikuwa na uchungu kwa ajili ya wale vijana wetu wawili, msikilize, maana inawezekana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake na hakuna aliyemuuliza. Ile sahani ya pilau usiitaje kabisa, itarudi yenyewe, na namjua Msambaa, haitarudi tupu.

*

*Shangazi habari za saa hizi. Mimi kijana wa Chumbageni, kwa kweli naona hawa viongozi wa dini wanapoteza muda tu. Papa anasema amani, mufti anasema amani, rabi anasema amani, mabomu yanaendelea. Kuna siku yoyote maneno yao yamesaidia kitu? — Mchovu*

Mwanangu mchovu, una haki ya kuchoka, sikudanganyi. Januari 2002, katikati ya intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya Israeli, walikutana Alexandria kule Misri viongozi wa dini zote tatu, Shekhe Tantawi wa Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, Askofu Mkuu wa Canterbury George Carey, mkuu wa Waanglikana, marabi akiwamo yule Melchior niliyemtaja, mashekhe wa Kipalestina, wakatia saini kwamba kumuua asiye na hatia kwa jina la Mungu ni kulinajisi jina lake. Tamko zuri. Mwaka huohuo ukawa wa damu kuliko uliotangulia. Tarehe 8 Juni 2014 Papa Fransisko akawaalika Shimon Peres na Mahmoud Abbas kwenye bustani za Vatikani, wakasali, wakapanda mzeituni pamoja. Tarehe 8 Julai, mwezi mmoja kamili, vita vya Gaza vikaanza.

Kwa hiyo ukiniuliza maneno yao yamezuia bomu gani sina jibu la kukupa. Wenye kuzuia bomu ni wenye mabomu na wanaowauzia. Lakini kuna jambo moja la Papa Fransisko mie halinitoki. Tangu vita vilipoanza 2023 alikuwa anapiga simu parokia ile ya Gaza karibu kila usiku, mgonjwa, mzee, hata alipokuwa amelazwa hospitali alipiga. Hakuwa anahutubia. Anawauliza mko salama, mmekula? Kanisani mle walikuwa wamejazana mamia ya watu, wamelala chini kwenye madarasa ya shule, na jioni simu ya paroko Gabriel Romanelli inalia kila mtu anajua ni nani. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka 2025, Jumatatu akafa. Na gari lake lile la kupungia watu, alilolitumia Bethlehem 2014, akaacha limetolewa ligeuzwe kliniki ya watoto wa Gaza.

Simu haikuzuia kombora, kanisa lilipigwa miezi mitatu baadaye. Ila uliza mtu aliyewahi kulazwa Bombo wiki tatu akupe tofauti ya siku aliyopigiwa simu na siku asiyopigiwa.

Na kuna marabi kule Israeli, wana umoja wao tangu 1988 unaitwa Marabi kwa ajili ya Haki za Binadamu, kila msimu wa kuvuna zeituni wanakwenda kusimama kwenye mashamba ya Wapalestina ili walowezi wasiwafukuze wenye mashamba, na wamepigwa, wazee wa watu. Hao wamewahi kusaidia kitu? Muulize mwenye mizeituni aliyefika nyumbani na magunia yake.

*

*Shangazi, mume wangu tangu asikie hotuba ya Ijumaa amepiga marufuku soda fulani ndani ya nyumba eti hela zinakwenda Israeli, hata harusi ya mdogo wangu tumepeleka juisi ya ukwaju. Sawa. Lakini shoga yangu kamuona kijiweni anaishusha ileile tena baridi. — Mke wa Usagara*

Nimecheka mpaka kahawa imenimwagikia. Kususa bidhaa ni silaha ya watu wanyonge na imewahi kufanya kazi, makaburu wa Afrika Kusini waliisikia, na Askofu Desmond Tutu aliyewasusia makaburu ndiye baadaye alisema aliyoyaona Palestina yanamkumbusha kwao. Kwa hiyo kama mnasusa suseni, ila jueni mnasusa nini, ulizeni hiyo soda inatengenezwa na nani na faida inakwenda wapi, maana nyingine inajazwa hapahapa nchini na wanaobeba makreti ni wanetu. Kuhusu mume, usimuulize. Mpeleke juisi ya ukwaju kijiweni mbele ya wenzake, mwambie baba fulani umesahau yako nyumbani.

*

*Shangazi shikamoo. Kuna mtu anapita vibarazani huku Pongwe anasema katumwa na masjala ya msikiti kukusanya mchango wa Gaza, anatoa namba ya simu ya kutumia hela. Nitoe? — Mama wa watoto sita*

Marahaba. Usitume hata mia. Namba ukiiandika na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo. Nenda kwa imamu wenu mwenyewe baada ya swala, muulize ana habari na huyo mtu, na kama msikiti unakusanya kweli kutakuwa na risiti na daftari na watu watatu wanaohesabu mbele ya macho. Na mpeleke na mwanao mkubwa, asikie unavyouliza. Kama imamu hamjui, semeni kwa balozi wa nyumba kumi leo leo kabla hajafika Maweni.

Aliyeuliza kuhusu shamba la minazi la Muheza, nimeipata hati uliyoipiga picha lakini kidole chako kimefunika saini, piga tena.